Kuli Asiyeguswa

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye alitumiwa na mtu wa kazini kwao, na huyo sijui aliipata wapi. Kwa kawaida hadithi za kutumiwa nazifuta kabla sijafika katikati. Hii nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni mpaka maharage yakaungua. Isomeni yote, msirukie funzo kama mlivyozoea. Mkimaliza, mpelekeeni yule mtu wa ofisini kwenu anayependa kusema, "Hapa hapaguswi." Mnamjua.

Katika mji mmoja wa milimani, kule ambako mwezi wa sita watu huvaa makoti mawili mawili, palikuwa na ofisi yenye kazi moja tu: kupeleka magari ya wagonjwa vijijini. Mama anashikwa na uchungu, mtu anapiga simu, kompyuta inatafuta gari lililo karibu, dereva anaambiwa aende wapi na apite njia ipi. Gari likiwahi, mama na mtoto wanapona. Likichelewa, mnajua wenyewe.

Kazi hiyo yote ilifanywa na programu. Kila programu ilifungashwa peke yake pamoja na kila inachohitaji, na mfuko huo wakauita kontena. Kulikuwa na kontena ya kupokea simu, kontena ya ramani, kontena ya kuita madereva. Zote zilikaa ndani ya seva zilizopangwa kwenye chumba chenye baridi kuliko nje. Juu yao alikuwepo Msimamizi. Naye ni programu tu, msimtafutie sura. Kazi yake ilikuwa kuamua: kontena hii iende seva ile, iliyozimika iwashwe upya, iliyoelemewa ipewe mwenzake.

Ila Msimamizi hajawahi kunyanyua mzigo hata siku moja. Ni bosi kamili. Wa kunyanyua alikuwa programu nyingine, iliyokaa ndani ya kila seva, ikipokea kontena, kuifungua na kuiwasha; hata kuzifungasha mwanzoni ilikuwa kazi yake. Watu wa ofisi ile walimpa jina la Kuli. Msimamizi anasema "washa", Kuli anawasha. Anasema "zima", Kuli anazima. Jina likazoeleka mpaka mkurugenzi akawa analitumia kwenye vikao.

Mkuu wa mitambo aliitwa Festo Mligo. Mrefu, mpole, mchapakazi, na kwa habari ya Kuli hakuwa na utani. Kwenye ukuta wa ofisi alitundika skrini kubwa inayoonyesha kila kontena: iliyo hai ina kijani, iliyokufa ina nyekundu. Festo aliitazama skrini ile kuliko alivyomtazama mkewe, na hilo alilisema mke mwenyewe.

Simlaumu. Miaka miwili kabla ya hapo walijaribu kumbadilisha Kuli. Enzi hizo Msimamizi na Kuli walikuwa wameshonwa pamoja. Maagizo ya Kuli yule mmoja yaliandikwa ndani kabisa ya Msimamizi, kwa namna ambayo Kuli mwingine yeyote asingeelewa kitu. Kumbadilisha Kuli kukawa ni kumpasua Msimamizi mwenyewe. Wakapasua. Wakakosea mahali padogo tu, na mfumo mzima ukanyamaza tangu alfajiri mpaka jua likapinda, walipomrudisha Kuli yule yule.

Siku hiyo Festo ndiye aliyepokea simu kwa mkono, na magari akayaita kwa simu yake mwenyewe, moja moja. Mama mmoja alibebwa kwa machela ya miti kushuka mlima. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Festo alikwenda mazikoni, akasimama nyuma, akarudi, akasema mbele ya watu wote, "Mkiniona hai hapa, Kuli haguswi."

Hakuguswa.

Sasa shida ikaja kwa njia nyingine. Watengenezaji wa Msimamizi, huko walipo, walichoka kushona kila Kuli anayezaliwa duniani. Wakakaa na wenzao wakakubaliana juu ya soketi moja. Yaani orodha ya maagizo inayojulikana na wote: leta kontena, washa, zima, ondoa, niambie hali yake. Kuli yeyote anayeyaelewa maagizo hayo anachomekwa, anafanya kazi. Msimamizi hana haja ya kujua ni Kuli gani, katoka wapi, ana tabia gani.

Kuli wa Festo hakuyajua maagizo hayo. Yeye alizaliwa kabla ya soketi. Kwa muda watengenezaji walimwekea kiraka ndani ya Msimamizi, cha kumtafsiria. Kisha wakatangaza: toleo lijalo halina kiraka. Asiyetaka kuhama abaki na Msimamizi wa zamani, na matundu yake yote ya wezi asizibiwe tena.

Ofisi ikawaka moto. Hofu ikapita meza hadi meza. "Kontena zetu zote zilifungashwa na Kuli huyu! Mwingine atazifunguaje? Tutaanza upya zote?"

Hapo ndipo alipoingia Atupele.

Atupele alikuwa injinia aliyehamia pale kutoka Mbeya, mwanamke wa sauti ndogo na maswali makubwa. Siku hiyo alikuwa anachaji simu. Chaja yake ina pini mbili, soketi ya ukutani ina matundu matatu, na mnajua sote tunafanyaje: anachokonoa tundu la juu kwa kalamu ya biki ndipo pini ziingie. Festo akamfokea, "Atupele! Utaunguza jengo!"

"Samahani, kaka Festo," akasema, akaichomoa. "Lakini kaka, si ndivyo tunavyoishi na Kuli? Soketi nzuri ipo ukutani, sisi tunachokonoa na kalamu."

"Usinichezee."

"Sichezi. Na hizi kontena, kuzifungasha Kuli alizifungasha kwa vipimo vinavyojulikana na wote. Mwingine anazifungua bila kuulizia nani alifunga. Tatizo si kontena. Tatizo ni sisi tuliokwenda kuongea na Kuli kwa mlango wa uani."

Festo aliijua maana yake. Ile skrini yake ya ukutani haikupitia kwa Msimamizi. Ilikwenda moja kwa moja kwa Kuli, kwa njia ya mkato aliyoitengeneza mwenyewe. Kuli akiondoka, skrini inakuwa kipofu.

"Dada," akasema taratibu, "wewe hukwenda mazikoni. Mimi nilikwenda." Akaondoka.

Atupele akampelekea mkurugenzi swali lake. Mkurugenzi alikuwa Daktari Hongoli, mama aliyezalisha nusu ya wilaya kabla ya kukalia kiti cha ofisi, na bado alitembea kama anayeitwa wodini.

"Mama, nataka kumbadilisha Kuli."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Tukingoja toleo lijalo tutahama kwa kukimbizwa. Tukihama sasa tunahama kwa kutembea. Seva moja moja. Naihamisha mizigo ya seva moja kwa wenzake, namtoa Kuli wa zamani, namchomeka mpya, naijaribu, narudisha mizigo. Nyingine zinaendelea kufanya kazi. Nimeshafanya hivyo kwenye seva za mazoezi mpaka nimechoka."

Daktari Hongoli akauliza, "Gari moja likichelewa?"

"Nitaacha kazi, Mama."

"Kazi yako itamsaidia nini mtoto? Likichelewa kwa ajili yako, utaacha kazi, halafu utakwenda wewe na mimi kwa huyo mama, tukae chini kwenye mkeka wake, tumweleze soketi ni nini."

Mimi ningeghairi hapo hapo. Yeye akasema, "Sawa, Mama."

"Na usimtangazie mtu. Ukitangaza, hata tairi likipasuka porini watasema ni Kuli mpya. Nijue mimi, na mlinzi wa chumba cha seva. Festo nitamwambia mimi mwenyewe, siku yake ikifika."

Basi mchezo ukaanza, na hapa ndipo ninapompenda huyu dada. Hakumdanganya Festo hata neno moja. Kila hatua ya maandalizi alimwomba ruhusa.

"Kaka Festo, naomba niihamishe skrini yako isome kwa Msimamizi, isipite uani."

"Hamisha, ili mradi Kuli asiguswe."

Akahamisha. Baada ya siku chache Festo akawa anajisifu kantini, "Mmeona skrini siku hizi? Inasoma upesi!"

"Kaka Festo, naomba tumpandishe Msimamizi awe na soketi wazi, hata kama hatuitumii."

"Si dhambi. Pandisha. Ila Kuli..."

"Asiguswe. Nimesikia."

Na ruhusa yenyewe ya kumgusa Kuli? Hiyo alikuwa nayo ya mkurugenzi, tena kwa mdomo wake.

Seva ya kwanza ilihama asubuhi wakati wa chai. Watu wanakula maandazi, Atupele yuko chumba cha baridi amevaa koti la mlinzi. Mizigo ikahamia kwa wenzake. Kuli wa zamani akatoka, mpya akachomekwa, Msimamizi akasema "washa". Kontena zikawaka. Msimamizi hakuuliza hata jina. Atupele akatuma simu ya majaribio kutoka kijiji ambacho hakipo, gari la majaribio likaitwa, njia ikatoka. Akarudi akakuta andazi lake limeliwa.

Seva ya pili, salama.

Ya tatu, mama yangu wee. Seva ile ilinunuliwa baadaye na ilipangwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Kontena ya ramani ikawaka, ikaanguka. Ikawaka, ikaanguka. Mlango ukafunguliwa, akaingia Daktari Hongoli na kikombe cha chai.

"Magari yanakwenda?" akauliza.

"Yanakwenda, Mama. Ramani nyingine ziko kwenye seva zingine, zimebeba. Hii tu ndiyo inaanguka."

"Kwa nini?"

"Sijui bado."

"Basi jua," akasema mkurugenzi, akavuta kiti akakaa. Hakuondoka. Akanywa chai yake kwa sauti, na mtu yeyote aliyewahi kusimamiwa na mkunga mzee anajua hofu ile.

Atupele akasoma, akasoma tena. Kumbe Msimamizi na Kuli mpya walikuwa wanaigawa nguvu ya seva ile kwa vipimo viwili tofauti. Mmoja anasema kontena hii inatosha, mwenziwe anasema imezidi, anaikata. Soketi ilikuwa nzima, ila wawili hawakuwa wameafikiana kipimo. Akaandika mstari mmoja, wote wakashika kipimo kimoja. Akawasha. Kontena ikasimama. Wakaingoja, mkurugenzi na yeye. Ikaendelea kusimama.

"Sasa nipe koti," akasema Daktari Hongoli, "nimeganda."

Zilizobaki zilikwenda kama maji. Ikabaki seva moja ya mwisho, na hiyo Atupele aliiacha kwa makusudi. Aliiondolea mizigo yote, ikabaki na Kuli wa zamani amekaa bure hana kontena hata moja.

Ndipo mkurugenzi akaitisha kikao.

Ofisi nzima ikakusanyika mbele ya skrini: mainjinia, akina dada wapokea simu, madereva waliokuwa zamu ya kupumzika. Festo amechomeka simu yake kwenye chaji hapo ukutani. Naam, kwa kalamu ya biki. Hakuna aliyemwambia kitu.

"Ajenda ni moja," akasema Daktari Hongoli. "Toleo jipya linakuja. Kuli wa zamani abaki au aondoke? Semeni."

Festo akasimama. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyowaumiza watu. Akasimulia upya habari ya ile siku, ya machela, ya lile kaburi dogo. Akasema, "Mimi si mtu wa kuogopa kitu kipya. Naogopa kumpigia mama simu kumwambia gari haliji. Mfumo huu unafanya kazi. Mnaona wenyewe, kijani kitupu. Mnataka mguse nini?"

"Wanaotaka Kuli wa zamani abaki?" akauliza mkurugenzi.

Mikono ikapanda. Karibu yote. Atupele peke yake akakaa na mikono mapajani.

Kabla mikono haijashuka, simu ya Festo ikalia pale ukutani. Akaitazama, akabadilika rangi. "Ni mama. Hapigi saa hizi."

"Pokea," akasema Daktari Hongoli.

Akapokea. Sauti ya bibi ikasikika chumba kizima, maana watu wa rika lile huongea na simu kama wanaongea na mlima wa pili. "Festo! Edina kashikwa! Mtoto anakuja, njia imejaa tope, damu nyingi, mwanangu, damu nyingi!"

Edina ni dada yake wa mwisho, mimba yake ya kwanza.

"Mama! Mmepiga namba ya gari?"

"Tumepiga! Tumepiga, na..." Simu ikakatika.

Jamani. Festo akaigeukia skrini kubwa. Watu wote wakaigeukia. Kwenye kona kulikuwa na ombi jipya kutoka kijijini kwao. Kontena ya simu, kijani. Ya ramani, kijani. Ya kuita madereva, kijani. Gari lilikuwa limeshaondoka. Ramani ilikuwa imeikataa njia ya daraja la chini lenye tope na kulipitisha gari juu, kwenye mashamba ya chai. Alama ndogo ya gari ikatembea. Festo alikuwa anaomba kwa sauti na hakujua kama anaomba kwa sauti.

Alama ikafika, ikasimama, ikageuka, ikaanza kurudi kuelekea hospitali.

Simu ikalia tena. Safari hii bibi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Kazaa njiani! Ndani ya gari! Nesi kamdaka! Wa kiume, Festo, ana sauti kama ya babu yako! Edina mzima, damu imesimama!"

Akina dada wapokea simu wakapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Dereva mmoja akapanda juu ya kiti. Festo akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Kisha akanyanyua kichwa, machozi yanatiririka, akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Mmeona!" akasema. "Mmeona wenyewe! Mfumo ndio huu! Ndio huu mnaotaka kuugusa! Kuli huyu kamwokoa dada yangu! Nani tena ananiambia abadilishwe?"

Chumba kikapiga makofi. Daktari Hongoli akangoja makofi yaishe, kisha akasema, "Atupele. Mwambie."

Atupele akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Kaka Festo, hongera ya mpwa. Lakini aliyezibeba kontena za leo ni Kuli mpya. Seva zote zilizofanya kazi ya Edina zilishabadilishwa. Yapata wiki mbili sasa."

"Nilimruhusu mimi," akasema mkurugenzi. "Nikakuficha mimi. Ukitaka kumkasirikia mtu, nipo hapa."

Festo akaangalia skrini. Akamwangalia Atupele. Akaiangalia tena skrini, kontena moja baada ya nyingine, akitafuta nyekundu hata moja. Hakuna.

"Wiki mbili," akasema.

"Wiki mbili, kaka."

"Na mimi kila asubuhi nasema, 'kijani kitupu.'"

"Kila asubuhi, kaka. Ulikuwa unanipa moyo."

Nilidhani hapa ataondoka kwa hasira, kwa sababu mimi ningeondoka. Festo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na ofisi nzima ikacheka naye, hata wale waliokuwa wameinua mikono dakika chache nyuma. Akamkumbatia Atupele hadi miguu ikaacha sakafu.

"Kuli wangu yuko wapi?" akauliza alipoweza kuongea.

"Yuko seva ya mwisho. Hana mzigo. Nimekuachia umpumzishe mwenyewe."

Festo akaketi kwenye kompyuta. Akaandika agizo la kumzima, kidole kikasimama juu ya kitufe. Watu wakadhani ameghairi. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Umefanya kazi sana. Kosa halikuwa lako, tulikushona vibaya." Akabonyeza. Kuli mpya akachomekwa mahali pake, Msimamizi akasema "washa", na skrini ile haikupepesa hata mara moja.

Kisha akanyanyuka, akaenda ukutani, akaichomoa ile kalamu ya biki kwenye soketi, akaivunja vipande viwili mbele ya watu. Kesho yake alikuja na chaja ya pini tatu.

Funzo: Usiishone kazi inayobeba uhai wa watu na mtendaji mmoja tu; kubalianeni maagizo yanayoeleweka na wote, ili anayeondoka aondoke kwa heshima na anayekuja aanze kazi bila mtu kuumia. Na kabla hujasema "hapa hapaguswi", uliza kwanza kama hapajaguswa tayari, na wewe unashangilia.